Breki za Mguu Wako

Baba,

Leo ni Jumapili, Asri imeshaadhiniwa, na mdogo wangu Twaha hajarudi. Amekwenda na Datsun yako kwenye mbio kule bara, ng'ambo ya daraja, uwanja ule ule wa vumbi ulikokuwa ukitupeleka tukarudi nyumbani na nywele nyekundu. Mimi nimekaa barazani, mlango nimeuacha wazi. Mtu aliyekufa hapelekewi barua, najua. Lakini nina swali moja, na hapa mtaa mzima wa Kuze hakuna mwingine wa kulijibu.

Zile pedi za breki nilizonunua, Baba, nimenunua sawasawa?

Nianze na habari ambayo usingependa kuisikia. Tulipomaliza hitima yako, Shangazi Rukia alikuja kutusaidia kupanga vitu vyako, vya kutoa sadaka vitolewe. Unamjua dada yako, haoni chuma bila kukiogopea kutu ya chumvi. Alivisugua vyote kwa sabuni, akavianika uani, kisha akavipaka mafuta ya nazi: spana, nyundo, jeki, mpaka kufuli la sanduku. Na seti zako mbili za pedi, ile mpya ya mjini na ile ya mbio, ulizozifunga kila moja kwa kitambaa chake, alizifungua akazipaka nazo, mbele na nyuma, zikang'ara kama halua. Alikuwa akilia huku akipaka. Nani angemsimamisha?

Twaha alipoziona alikaa chini kwenye ngazi. Pedi ikishakunywa mafuta haibani tena diski, inateleza tu. Alizichoma moto, akazipiga msasa, wapi. Na zilizokuwa ndani ya gari zilikuwa zimelika mpaka chuma, maana wakati unaumwa nani alikuwa na akili ya kuzitazama.

Wewe ulikuwa na utaratibu wako. Jumamosi ukitoka msikitini Asri, unachukua mbuzi ya Mama ya kukunia nazi, unaikalia kando ya gurudumu, unatoa za mjini unatia za mbio. Jumapili jioni unazigeuza tena. Mama akipiga kelele kuwa nazi yake itanuka grisi, nasi tukikucheka kuwa gari lako lina nguo za harusi na nguo za jikoni. Nawe ukijibu bila kuinua kichwa: "Za mjini hushika zingali baridi, zikichemka huregea. Za mbio hazishiki mpaka zichemke. Ya kufanya kazi zote mbili, mimi siijui."

Sasa hakuna wa kukalia mbuzi. Twaha yuko kazini gatini Mbaraki, hata Jumamosi harudi ila Maghrib imeshaingia. Mimi ndiye ninayepeleka watoto wa majirani skuli kwa gari lako, wamejaa nyuma wananivuta buibui. Basi Twaha akaniambia, "Dada, nunua seti moja itakayofaa kote, skuli na mbioni." Akanitupia mimi, kwa kuwa duka hufungwa kabla hajatoka kazini.

Bwana Gulam wa spea alinipa mkono wa tanzia, kisha akaniwekea maboksi matatu juu ya kioo. La mjini, la mbio, na la tatu ambalo wewe hukuwahi kulileta nyumbani. "Hili la kati, mama. Litakwenda kote kote." Nikamwuliza, na kule vumbini, mtu akizunguka na kuzunguka bila kupumzika, zitachemka wakati gani zikaachia? Akasema, "Hilo lategemea mguu wa dereva. Kwa mguu wa marehemu, ningekwambia chukua usiwe na wasiwasi."

Alipoutaja mguu wako nilishindwa kuuliza zaidi. Nikalichukua boksi la kati.

Wiki ile niliridhika. Asubuhi pedi zilipiga mluzi kidogo na kutaka mguu mzito zaidi, lakini langoni pa skuli gari lilisimama pale pale nilipotaka lisimame. Niliinama gurudumuni nikanusa, kama ulivyokuwa ukiniita nikiwa mdogo: "Njoo unuse, mwanangu." Hazikuwa na harufu yoyote. Nikasema, Alhamdulillahi, nimeweza.

Jana baada ya Maghrib Twaha akanichukua tukapite barabara ya Mbaraki, azisikie. Na hapo ndipo moyo wangu uliposhuka. Wewe ulikuwa ukianza kukanyaga mapema, taratibu, hata chai mkononi mwa Mama haikumwagika. Twaha hungoja mpaka kona imfikie usoni, ndipo anakanyaga kwa nguvu zake zote. Kona baada ya kona. Nilimwambia, Baba. Nilimwambia breki hizi hazitaustahimili mguu wake kule, zitachemka, atakanyaga asipate kitu. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Dada, ni kule tu ninakomsikia Baba."

Niambie. Ningemficha funguo? Mimi pia namtafuta mtu huyo huyo, namtafuta kwenye harufu ya magurudumu.

Mama yumo ndani, eda yake haijaisha. Sikumwambia kitu. Ameshateleka maji ya kuoga kwenye sufuria ile kubwa, kama alivyokuwa akikutelekea wewe kila Jumapili ya mbio, na nilipomwona anapuliza moto nilitoka nje nisije nikalia mbele yake. Yalichemka, akayaepua. Akaniuliza, "Bado?" Nikasema yuko njiani. Sijui yuko wapi. Naogopa, Baba.

Nimemnunulia mwanao breki za mguu wako, na mguu wako tumeuzika.

Nakuaga hapa. Mola akupe nafasi kubwa huko uliko, na upumzike ukijua hatujakusahau hata siku moja. Nami nakuahidi hivi: akikata kona ya msikiti, kabla sijamwuliza kitu, nitampokonya funguo mkononi, na kuanzia Jumamosi ijayo mbuzi ya Mama nitaikalia mimi. Utaratibu wako nitaushika mimi, seti mbili, vitambaa viwili. Akikata tu ile kona.

Mama ameyarudisha maji motoni. Wacha ninyamaze, niisikilize barabara.

Mwanao,
Saumu