Msuli wa Paja

12 Machi

Baba, shikamoo. Natumaini magoti hayakusumbui na mama hajambo. Mimi mzima, ila kazi imenibana.

Kile kipande cha msuli wa paja ulichoachia maabara yetu ulipokuja kunitembelea tumekisoma. Jeni ni zile zile ulizozaliwa nazo; uzeeni kinachobadilika ni zipi zinafanya kazi na zipi zimenyamaza. Zako za kuupa msuli nguvu nyingi zimenyamaza, na za uvimbe zimechachamaa. Si ugonjwa, ni umri. Lakini mapaa ya watu sasa waezeke vijana. Shuka, baba.

Tulipungukiwa na vijana wa kulinganisha nanyi wazee, nami nikajitolea nikatwe kipande cha paja langu.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu, marahaba. Sisi wazima. Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya paa, kwa hiyo jibu umeshalipata. Fundi mwenzangu anasema jeni zangu zimenyamaza, bado mdomo.

Na msuli wako je? Mbona hukusema?

Baba yako

28 Aprili

Mwanangu, hujambo? Kimya chako kimezidi. Mama yako anasema ni kazi. Mimi silali vizuri.

Baba yako

6 Juni

Baba, shikamoo. Nisamehe. Hali yangu si nzuri.

Majibu yangu yalipotoka, mkuu wa maabara alidhani chupa yangu na yako zimebadilishana. Nikakatwa tena, paja la pili. Yale yale. Nina miaka thelathini na moja, na msuli wangu unasomeka mzee kuliko wako. "Nenda hospitali leo," akaniambia, bila kunitazama usoni. Madaktari bado wanapima. Jina la ugonjwa hawana. Ngazi za kazini nazipanda kwa kushika ukuta.

Mama asijue kwanza.

Binti yako

15 Juni

Mwanangu, marahaba. Pole sana.

Nimeshuka kwenye paa. Nimepanua milango ya nyumba, nimeng'oa vizingiti, na bafuni nimefunga bomba la kushikia. Mama yako akauliza haya yote ni ya nani. Nikamwambia ni yangu, uzee umenifikia. Akanikalisha, akanikanda magoti, akalia kidogo. Nimemwacha aamini hivyo.

Njoo upesi, ungali unaweza kuingia kwa miguu yako.

Baba yako