Kabichi Zangu na Kinu cha Ma Benigna

Jumanne, 8 Juni 1954
Nimezaliwa na nyota, hilo halina ubishi. Vitani Burma risasi zilinikwepa, na sasa viwavi nao. Kabichi za Kibeta nzima zimetoboka kama chekeche – zangu zimefumba kama ngumi. Bashiri mwenye duka la Miembeni kaja kuziona. Dawa gani? Nikamjibu: bahati, na dukani kwako haipo. Akacheka. Atazichukua zote Jumatatu.

Alhamisi, 10 Juni
Bahati nayo husukumwa kidogo. Kama mwezi jana, nimeazima tena kinu kwa Ma Benigna, mjane jirani yangu, nikasema ni cha karanga. Nimeponda muluku – majani yale ya kulewesha samaki – nikaloweka kwenye debe, nikanyunyiza kabichi kwa ufagio. Marehemu mama alifanya hivi kwenye maharage, tukala, tukakua. Lakini nani atanunua kabichi yenye sumu ya samaki? Kimya. Masalia nimemwaga kijitoni. Kinu nimekifuta kwa nyasi, nikarudisha.

Jumamosi, 12 Juni
Samaki wanaelea kijitoni, matumbo juu. Kiangazi, maji yenyewe kiganja tu – sikufikiri. Kuvua kwa muluku kumekatazwa. Mkungu Bartholomayo, mkuu wa kijiji, anapita nyumba kwa nyumba akinusa vinu. Kwangu hakuingia. "Wewe Ta Byarugaba huna mke, huna kinu, una mdomo tu." Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Jumapili, 13 Juni
Majani yamekutwa kwenye kinu cha Ma Benigna. Kesho anapelekwa barazani kushtakiwa. Baada ya ibada hakuna aliyemsalimu.
Nilimfuata kwake. Nikamuuliza kama amesema nani aliazima kinu. Hakuinua macho kwenye ndizi alizokuwa anamenya.
"Ulisema karanga, Ta. Mtu mzima akisema karanga, mimi nitasema nini kingine? Kaa ule."
Nilikula. 

Jumatatu, 14 Juni
Bashiri yuko shambani na wapagazi wake, anawaonyesha majirani: huyu ndiye mtu wa bahati. Tarishi anapita njiani na Ma Benigna. Kavaa gauni la kanisani. Nikisema, anarudi nyumbani kwake, mimi nafungwa, na kabichi hizi hata mbuzi hawatapewa. Nimeingia kuchukua koti nimfuate barazani. Nimekaa naandika.
Bashiri ananiita.
Bahati sina. Sijawahi kuwa nayo. Ni muluku.