Mnaombwa Kutoka

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za goti lako, niseme kwamba mvua zikikaribia huwa naisikia tena ile sauti yako ya mchana ule kilima kilipoporomoka: “Tokeni!” Neno moja, kavu, kama mlango unaobamizwa. Nilikuwa mdogo, lakini miguu yangu ilikuwa nje kabla akili haijauliza kuna nini. Natumaini goti limepoa, na ile dawa ya kuchua unaitumia badala ya kuificha kabatini. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hautulii.

Unajua ofisi yetu ya mipango hapa halmashauri ilinikabidhi kazi ya tahadhari kwa mitaa ya chini ya kilima. Tumefunga vipaza sauti kwenye nguzo, tumechora mishale ya kijani ukutani kuelekea uwanja wa shule, na tangazo nililisoma mwenyewe, maana mkuu wa idara alisema nina matamshi safi: “Wakazi wapendwa, mnaombwa kutoka majumbani kwenu kwa utulivu.” Nililionea fahari tangazo hilo, Mama. Nililiandika na kulifuta mpaka likawa laini kabisa.

Siku ya zoezi ulikuwepo, uliona. Hakuna aliyetoka. Fundi cherehani wa pale kona aliniambia, bila kutoa mguu kwenye pedali, kuwa yeye ameombwa tu, na mtu aliyeombwa ana haki ya kufikiria kwanza. Watu walicheka, nami nikacheka nao ili nisilie. Nawe ukaniambia kutoka mlangoni kuwa nikimaliza kuomba niingie ndani, chai inapoa. Niliinywa ile chai huku nikiutazama kupitia dirisha lako ufa ulioko juu ya kilima. Umerefuka.

Nilipomweleza mkuu wa idara kwamba lile “mnaombwa” ndilo linalowakalisha watu, alinijibu kwa upole kuwa halmashauri haiwapigii wananchi kelele. Ndipo nikaja kwako kukuomba nirekodi lile neno lako. Ulisema sauti ile uliiacha palepale baba alipogeuka kufuata redio yake ndani, asitoke tena, na kwamba nisikutajie jambo hilo. Ukaendelea kukunja nguo. Sikulitaja tena.

Lakini Mama, hadi leo shangazi akinipigia simu huidhani sauti yangu ni yako. Jumatatu nilijifungia kwenye stoo ya ofisi, katikati ya viti vibovu, nikawasha kinasa sauti cha simu, nikakuwaza ukiwa mlangoni siku ile, nikalipaza neno lako kwa nguvu zangu zote. Dada anayetuletea chai alikuwa ameshafika chini ya ngazi kabla hajajua anakimbia nini. Trei tuliikuta sakafuni. Kisha niliisikiliza ile rekodi. Sikujisikia mimi. Nilikusikia wewe.

Najua nimechukua kitu ulichokizika. Huenda utakapoisikia utakaa kitandani uzibe masikio, na huenda usinisamehe. Hilo linanitia hofu. Hofu kubwa zaidi ni kwamba nitakuita kwa adabu, nawe ubaki ndani unachemsha chai.

Kwa hiyo siandiki kuomba ruhusa. Leo asubuhi nimelifuta tangazo la wakazi wapendwa na kuliweka neno lako katika vipaza sauti vyote, kuanzia kile cha nguzo iliyo mbele ya mlango wako. Mkuu wa idara hajui bado. Atajua mvua itakapokaza.

Nisalimie shangazi, mwambie safari hii nitampigia mimi. Afya njema, Mama. Na utakapoisikia sauti yako, toka, usirudi kuchukua kitu.

Ni mimi mwanao,
kitindamimba wako