Sataranji ya Kuliwa

Kitindamimba wangu,

Huku hatujambo. Viatu ulivyoviacha baba yako ameshavishona. Mikono yake ya ufundi haijasahau kitu.

Umeuliza utamfungaje ukija likizo katika sataranji yetu ya kuliwa, ile ambayo anayemaliza kete zake kwanza ndiye mshindi, na ukiweza kula, lazima ule. Usimtoe malkia mapema, maana atalazimishwa kula askari mmoja baada ya mwingine mpaka akuharibie. Farasi watoe waliwe mapema, mwishoni ni wagumu kuliwa. Mfalme usimwonee huruma, kwetu ni kete tu.

Ila siku hizi baba yako husahau katikati ya mchezo, akacheza sataranji ya watu wote. Jana alikula kete zangu zote, akajipigia makofi. "Leo nimekufunga, dada," akaniambia mimi mkewe. Kwa sheria yetu nilikuwa nimeshinda mimi. Nikampa mkono, tukanywa chai, washindi wawili.

Ukija, jina lolote atakalokuita, itika, kisha panga kete.

Ni mimi mama yako,
dada wa jana