Landrova ya Rika Jipya

Jumatatu, 5 Februari 1973

Siku ya sita dukani kwa Mzee Hassan. Kazi yangu ni vitabu vya spea. Mtu akitaka kitu cha gari, natafuta namba yake kitabuni, naiandika kwa karatasi, napeleka stoo. Leo nimezungumza na wateja wawili tu. Mzee Hassan aliwaambia watu nina sauti ya panya ndani ya gunia. Walicheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaenda kukaa stoo.

Matokeo ya Form Four bado. Baba anauliza kila jioni, kana kwamba mimi ndiye ninayesahihisha.

Alhamisi, 8 Februari

Nimekuta Landrova uani kwetu! Kijani, inang'aa, na namba yake ina herufi ambazo hata mjini bado ni chache. Mwenyewe anaitwa Jackson, anauza magari, anatoka upande wa Malaba, mpakani. Amevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alikuwa akimwambia Baba na wazee wawili kwamba hii si Landrova ya wazungu waliohama. Hii ni rika jipya kabisa, imetahiriwa juzi. Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Mimi nilitazama chini.

Baba akaniita nisome logbuku, kile kitabu cha usajili wa gari, maana ni Kiingereza. Wote wakaniangalia. Niliona 1973. Nikasema, "Ni ya mwaka huu, Baba." Nikairudisha, nikakimbilia jikoni.

Nyuma yangu nikamsikia akiwaambia, "Huyo ndiye nilimsomesha."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Ugali umenishinda kwa furaha.

Jumapili, 11 Februari

Furaha imeisha. Baada ya kanisa Baba alimwambia Mama jinsi atakavyolipata gari. Jackson hataki pesa. Anataka hisa yetu ya shamba! Ni lile shamba la mzungu upande wa Kiplombe, ambalo Baba na wenzake walinunua kwa kuunda kampuni. Ekari zetu ni tano, kura ya kugawiana vipande itapigwa mwezi ujao. Hapa tunapokaa ni kwa baba mkubwa, na wanawe wameshaanza kutuuliza tutahama lini.

Mama aliuliza mahindi tutapanda wapi. Baba akasema atabeba maziwa ya watu wote mpaka kiwandani, atabeba wagonjwa, tutanunua shamba lingine kubwa kuliko hilo. Akasema hata hajui kura itamtupa wapi, labda kwenye bwawa. Shamba limelala tu, gari linakimbia.

"Ndiyo hilo," Mama akasema. "Linakimbia."

Baba alinigeukia. Akasema gari ni jipya, msomi wetu ameona kwa macho yake. Nikaendelea kuchambua maharagwe. Wataandikiana Jumamosi.

Jumanne, 13 Februari

Siwezi kutulia. Leo mteja alitaka kitu cha giaboksi ya Landrova, nikakuta vitabu vya Landrova ni viwili. Nilidhani ni kitabu kimoja kilichochapwa mara mbili. Nikaenda nyuma kwa Ouma, fundi wetu. Ouma namwogopa kidogo kwa sababu anapenda utani, lakini nilikwenda.

Alifuta mikono, akanieleza vizuri. Ile model mpya ilitoka juzi tu, mwaka wa sabini na moja. Kwa nje inafanana na ya zamani kama mapacha. Watu wanaangalia wavu wa mbele, kwa sababu wa zamani ni chuma na mpya ni plastiki. Lakini wavu ni skrubu chache tu, hata yeye anaweza kukufungia kabla chai haijapoa. Namba pia ni bati tu. Rangi ni rangi.

"Angalia kile hakiwezi kubadilishwa na skrubu," akasema. "Gia. Ile ya zamani, namba moja na mbili zinalia, lazima ukanyage klachi mara mbili. Hii mpya zote zinaingia kama kisu kwa siagi. Halafu zile saa za mwendo na mafuta. Mpya ziko mbele ya dereva. Zamani ziko katikati. Sister, umepata mchumba mwenye Landrova?"

Nilikuwa nakumbuka Alhamisi. Mzee mmoja aliuliza kwa nini saa za gari hili ziko katikati, na Jackson akamwambia ni ili hata abiria ajue anakimbizwa namna gani. Walicheka sana.

Katikati! Nilizifunga kurasa za kitabu kidole changu kikiwa ndani.

Jumatano, 14 Februari

Wamekuja mjini, Jackson kwenye usukani na Baba kando yake, kofia kichwani. Walisimama mbele ya duka. Kabla hawajasimama nilisikia gia ikilia. Ouma alisikia pia. Aliniangalia tu, akarudi chini ya lori lake.

Baba aliingia kumsalimia Mzee Hassan. Akamwambia mimi ndiye niliyesoma karatasi za gari, kwa hiyo Mzee Hassan ashukuru, amepata karani wa maana. Nikamwomba logbuku nitazame tena. Alinipa kwa fahari.

Ile 1973 ni tarehe ya kuandikishwa Kenya. Kuandikishwa! Mistari mitatu chini yake kuna mwaka wa kutengenezwa. 1966. Kumbe ilikuwepo siku ile. Hakuna aliyeifuta, hakuna aliyeificha. Mimi ndiye sikufika huko.

Baba aliuliza kama kila kitu ni sawa. Mzee Hassan alikuwa anasikiliza, na wateja, na Jackson mlangoni. Nilitikisa kichwa, hata sijui kilitikisika upande gani. Baba aliona ndiyo.

Ijumaa, 16 Februari

Nimemwambia Mama tukichota maji. Nilianza na giaboksi, akanikatiza, akauliza gari ni la zamani au si la zamani. Nikasema ni la zamani, la miaka saba, limevishwa uso mpya. Aliweka mtungi chini.

Nilimwomba amwambie Baba.

"Nikisema mimi, atasema ni kwa sababu sitaki gari," Mama akasema. "Wewe ndiye ulisema ndiyo. Hapana pia itoke kwako."

Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali.

Jumamosi, 17 Februari

Naandika wakiwa nje bado.

Jackson alikuja na karatasi ya kubadilishana na kidau cha wino wa dole gumba. Wazee walikuwa wanne leo, na baba mkubwa. Baba akanipa nisome kwa sauti. Nilisoma mstari wa kwanza, nikaishusha karatasi. Nikasema bila kuinua macho, "Baba, siku ile nilisoma vibaya."

Jackson alicheka, akasema mtoto ana haya, apewe maji.

Nikasema 1973 ni mwaka gari liliandikishwa. Nikaona hawaelewi. Nikasema, "Babu alibatizwa mwaka wa uhuru. Hakuzaliwa mwaka wa uhuru."

Hakuna aliyecheka. Baba mkubwa aliinuka, akaenda kuchungulia ndani ya Landrova. Jackson akauliza, "Mzee, siku hizi unaongozwa na msichana?" Baba hakumtazama. Aliniuliza mimi, "Siku ile ulisoma yote?"

"Hapana."

"Kwa nini ulisema ni jipya?"

Nilitazama kidau cha wino. Jibu ni kwamba watu walikuwa wananiangalia. Mtu anapotezaje ekari tano za baba yake kwa sababu hiyo?

Alinipa karatasi zote mbili, logbuku na hiyo ya Jackson. Akasema, "Ingia ndani. Usome kila neno, polepole. Ukitoka utatuambia kilichoandikwa. Si unachofikiri."

Kwa hiyo niko hapa kitandani. Nimesoma mara tatu. Karatasi ya Jackson ina mistari kumi na minne. Imetaja hisa yetu mara nne, jina la Baba mara tatu. Neno "jipya" halipo popote.

Kidau cha wino bado kiko mezani, kiko wazi, namwona Baba kupitia dirisha amekaa karibu nacho. Jackson anasimulia kitu, anacheka peke yake. Mama amesimama na birika, hamimini.

"Rael," Baba anaita. "Umefika wapi?"