Honi Kwenye Kona ya Mdogo Wako

Babu shikamoo,

Nimefika Lushoto salama, ila baridi na ukungu vimezidi. Kwenye kona aliyofia mdogo wako, enzi zile za mbio za magari bila mikanda, nilikuta matawi mabichi barabarani, kama vile mbele kuna gari bovu. Hakukuwa na gari. Mama mmoja anayeuza peasi pale akasema, "Ukungu ukishuka tunamwekea matawi yule dereva aliyetumbukia korongoni, apunguze mwendo. Hata marehemu mama yangu alimwekea." Nikapiga honi mara tatu, kama ulivyonituma. Kutoka korongoni ikajibu honi moja, ndefu. Yule mama akaanza kuyaokota matawi yake. "Basi," akasema, "alikuwa anasubiri mtu wa kwao."

Vaa sweta, Babu. Nakuletea peasi, na tawi moja.

Mjukuu wako,
Rehema