Chukudu Iliyopanda Kinyumenyume

Yaya Mumbere, kaka yangu mkubwa uliye Kampala,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu uliponilaumu, ulinilaumu mbele ya watu. Basi na wasome. Usiogope, leo sina hasira nyingi. Nina shida ya miguu tu, nitakueleza.

Unakumbuka chumba chetu cha fotokopi hapa Birere? Meza moja, viti viwili, umeme unaokuja ukijisikia. Wewe ulichora, mimi nilipima. Kwenye tovuti ya yule mchora katuni wa hapa Goma, mzee wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, alikuwa akishuka mlima kutoka Munigi na mzigo wa kabichi, kofia inaruka, tumbo linacheza. Sisi mashabiki wake tukataka kumbeba kwenye simu, awe kipicha cha kutumiana, mdogo kama ukucha lakini atembee. Tukawa tunaisimamisha katuni kila hatua na kukamata picha moja moja. Wewe ulizitaka zote.

"Ukitoa hata moja, unamuua muzee!"

"Yaya, tukiacha zote atakuwa mzito, hakuna simu itamupokea. Mega za intaneti za watu si mvua."

Tukabaki na picha kumi na mbili. Hesabu hiyo ni yangu, na ijulikane. Lakini kila tulipoisimamisha katuni, kitufe cha duara cha kuiendesha tena kilijitokeza na kufunika miguu ya mzee. Hapo nilikuvulia kofia: uliichora upya kwa mkono, na kandambili, na vumbi letu jeusi katikati ya vidole.

Tatizo likawa mwishoni. Mzee akifika chini, picha zinaanza upya, naye anajikuta ghafla juu ya mlima kama aliyenyakuliwa. Nilikuambia tumwache palepale, barabara ndiyo ipite chini ya magurudumu. Ukakataa. Ukazichukua zile kumi na mbili ukaziunga tena mwishoni, safari hii kutoka ya mwisho kurudi ya kwanza.

"Angalia, haishtuki tena."

Kweli haikushtuka. Lakini chukudu yenye kabichi ikapanda Munigi yenyewe, kinyumenyume, mzee amestarehe juu yake, kofia inamrudia kichwani! Yaya, sisi tuliokua tukisukuma chukudu za watu mlimani mpaka magoti yanalia, tukaituma hivyo hivyo kwenye kundi la mashabiki.

"Huyu muzee amesahau nini nyumbani?" mmoja akauliza.

"Amesahau bibi!"

"Hapana, amesahau frein, hana breki!"

Mama alicheka mpaka kitenge kikalegea. Na wewe ukaandika: "Mutusamehe, ni mudogo wangu alikosea hesabu." Mimi! Hesabu! Ungesema sijui kupika ugali ningenyamaza.

Halafu watu wakaipenda. Aliyesahau funguo anatuma chukudu. Aliyetoka kwenye mkutano kwa hasira, akitaka kurudi bila kuomba radhi, anatuma chukudu. Waendesha pikipiki wakaituma kwa wateja: nakuja, ninageuza. Sifa zilipofika, ukaandika tena: "Asante, niliwaza mwenyewe." Yaani kosa langu, wazo lako. Tukagombana juu ya meza ile moja, ukasema chumba hiki hakitoshi vichwa viwili, ukaondoka na kalamu zako. Nami nikakuambia nenda. Ukaenda kweli!

Sasa sikiliza. Mchora katuni ameweka katuni mpya, na amenipigia mwenyewe: waliotengeneza ile chukudu wawatengenezee mashabiki wake hizi pia, kwa baraka yake. Nimekata, nimepunguza, nimepima. Kuna mama wa soko la Kituku anayecheza na beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kichwani. Kuna kinyozi, kuna mwalimu wa kwaya. Wote wanapendeza mpaka magotini. Chini ya hapo ni kitufe, kitufe, kitufe.

Nilijaribu kuwachorea miguu mwenyewe. Mama yetu akainama kwenye kompyuta, akaangalia vizuri.

"Hawa sambaza wameanguka kutoka kwenye beseni?"

"Mama, hiyo ni miguu."

"Mungu wangu. Piga simu kwa Yaya yako."

Mchora katuni anasubiri, na nikimpelekea watu wa namna hii kazi itaenda kwa wengine. Wewe huwezi kupima, mimi siwezi kuchora. Nimejenga chumba hiki kwa mikono yangu na bado mikono hiyo haijui kidole gumba kinakaa upande gani. Basi rudi. Tutaandika majina mawili kwenye kona ya kila picha, lako la kwanza. Litatangulia kwa sababu ulizaliwa kabla yangu, si kwa sababu nyingine. Na utaandika kwenye kundi, kwa mkono wako, nani alihesabu na nani aligeuza.

Sitakubembeleza. Leo asubuhi nimekutumia chukudu yetu, bila neno lolote. Unajua hapa tunavyoisoma: kuna mtu amesahau kitu nyumbani. Kiti chako nimekifuta vumbi.

Ni mimi mdogo wako, yule asiyekosea hesabu,
Kavira